Mwalimu nyuma ya rubai: kisa cha Edward Cowell na muswada wa Khayyam

Mjini Oxford, katika maktaba ya Bodleian, kipo kitabu kidogo kilichoandikwa kwa mkono huko Shiraz, Uajemi, mwaka 865 wa Hijria, yaani 1460 au 1461. Karatasi yake ni nene, ya manjano, imenyunyiziwa vumbi la dhahabu, na wino wake ni mweusi unaoelekea zambarau. Ndani mna rubai 158, yaani mashairi mafupi ya mishororo minne, zinazotajwa kuwa ni za mshairi wa Kiajemi Omar Khayyam wa Nishapur. Maktaba inakiita Ouseley 140.

Mwaka 1856 kijana wa miaka thelathini, Edward Byles Cowell, aliyekuwa akiorodhesha miswada ya Kiajemi pale Bodleian, alikikuta kitabu hiki, akakinakili, akampa nakala hiyo rafiki yake Edward FitzGerald. Miaka mitatu baadaye FitzGerald alichapisha rubai kwa Kiingereza, na hatimaye zikawa miongoni mwa mashairi ya Kiingereza yanayojulikana zaidi duniani. Jina la Cowell leo wanalijua wachache tu, ingawa yeye ndiye aliyekijua Kiajemi, ndiye aliyeufumbua muswada, na ndiye aliyemfundisha FitzGerald alifu kwa kijiti.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu, kwa sababu kinagusa kazi ya tafsiri mahali panapouma: mwenye lugha alikuwa mmoja, mwenye shairi akawa mwingine, na baina yao kulikuwa na bahari. Yaliyotokea hapo yametufikia hata sisi wasomaji wa Kiswahili, na nitaeleza kwa njia gani.

Cowell alizaliwa Ipswich, mashariki ya Uingereza, mwaka 1826, mtoto wa mfanyabiashara. Akiwa na miaka kama kumi na mitano alikuta katika maktaba ya mji wake maandishi ya William Jones, mtaalamu wa lugha za Mashariki, pamoja na sarufi yake ya Kiajemi iliyotoka mwaka 1771. Sarufi ya Jones si kavu. Mifano yake mingi ni beti za washairi wenyewe, hivyo anayejifunza kanuni anajikuta ameshaonja mashairi ya Hafiz, mshairi wa Kiajemi, kabla hajajua kunyambua kitenzi. Kijana akanasa. Mjini hapo aliishi ofisa mstaafu wa jeshi la Bombay aliyekijua Kiajemi, naye akamsaidia. Mwaka 1842, Cowell akiwa na miaka 16, tafsiri zake za Hafiz zilianza kuchapishwa katika jarida la mambo ya Asia lililotoka London. Mwaka huohuo baba yake alifariki, ikambidi aache shule akashike biashara ya nyumbani. Mchana alikuwa dukani na hesabu, usiku yuko na kamusi.

Aliyemtoa dukani ni mkewe. Elizabeth Charlesworth alimzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, naye alikuwa mshairi. Ndiye aliyeshikilia kwamba mumewe aende Oxford, akaingia mwaka 1850, mtu mzima mwenye ndoa kati ya vijana. FitzGerald alikuwa rafiki wa nyumba hiyo, na alimsihi sana asiende. Namwelewa. Alikuwa tajiri asiye na kazi, mpweke, aliyemzidi Cowell miaka kumi na saba, na nyumba ya akina Cowell ndiyo iliyompa mazungumzo na joto. Elimu yake ya lugha pia ilitoka humo: Cowell alimfundisha Kihispania kwanza, kisha mwishoni mwa 1852 akamwanzisha Kiajemi kwa sarufi ileile ya Jones. Mwanafunzi alikuwa na miaka 43. Mwaka 1856 alichapisha kisa cha Salaman na Absal cha mshairi wa Kiajemi Jami kwa Kiingereza, na humo tayari tabia yake inaonekana: anapunguza, anapanga upya, anakata anachokiona kimezidi.

Mwaka huo Cowell alipata kazi ya kufundisha historia Calcutta, India, katika Presidency College, na mwezi Agosti yeye na mkewe walipanda meli. Mwezi Novemba FitzGerald akaoa kwa kutimiza ahadi kuliko kwa mapenzi, na ndoa ikavunjika katika muda wa miezi tu. Kilichobaki mkononi mwake kutoka katika siku njema ni ile nakala ya muswada wa Shiraz kwa hati ya rafiki yake. Sidhani inawezekana kuisoma tafsiri yake bila kukumbuka hali hiyo. Yale majuto ya siku zinazopita yamo kwa Khayyam, lakini mfasiri naye aliyaleta ya kwake.

Masomo yakaendelea kwa barua. FitzGerald anakwama neno, anaandika Calcutta, anasubiri wiki nyingi, jibu linarudi. Cowell akaenda katika maktaba ya Asiatic Society of Bengal, akapata muswada mwingine wenye rubai 516, akatafuta mtu wa kuunakili, akautuma Uingereza. Ukafika Juni 1857. Ni mwaka uleule wa maasi makubwa ya India, na katikati ya hayo mwalimu anahangaika kumpatia mwanafunzi wake rubai. Nikilifikiria hilo namheshimu Cowell zaidi.

Katika barua moja ya mwezi huohuo FitzGerald anamweleza Cowell jinsi anavyomsoma Omar katika uwanja wa malisho uliojaa maua ya manjano, upepo mwanana ukipita, na farasi jike mdogo wa mashindano akaja kwa kushtuka-shtuka kumnusa na kumshangaa. Na cha ajabu, rubai za kwanza hakuzitia katika Kiingereza. Alizitia katika Kilatini cha vina, mfano wa nyimbo za watawa wa zamani, kama mtu anayejaribu nguo ya mwingine kabla ya kukata kitambaa chake.

Kuhusu namna atakavyofasiri, hakuficha. Machi 1857 alimwandikia Cowell kwamba inamfurahisha kuwafanyia hawa Waajemi uhuru wowote autakao, kwa kuwa kwa maoni yake hawakuwa washairi wa kumtisha mtu, na walihitaji sanaa kidogo ya kuwaweka sawa. Maneno haya yananiudhi kila nikiyakumbuka. Mtu wa miaka minne au mitano katika lugha anawahukumu Hafiz, Attar na Khayyam kuwa hawana sanaa! Lakini Aprili 1859, kitabu kikiwa kimeshachapwa, alimwandikia tena kwamba hadhani wako wengi waliotaabikia tafsiri kama yeye, ingawa si kwa kufuata neno kwa neno. Kwamba kwa gharama yoyote kitu lazima kiwe hai, na kwamba bora shomoro aliye hai kuliko tai aliyekaushwa na kujazwa. Hapo siwezi kumkatalia moja kwa moja. Nimesoma tafsiri nyingi sahihi ambazo ni tai wa kujazwa.

Tuingie sasa ndani ya ubeti. Ubeti wake maarufu kupita yote ni ule wa mkate, divai, kitabu cha mashairi na wewe chini ya tawi la mti. Nyuma yake zimo rubai mbili za muswada wa Shiraz, zilizopangwa karibu na mwisho. Ya kwanza, nikiifuata kwa karibu, inasema: nataka chupa ya divai nyekundu kama yakuti na diwani, na kitu cha kushikiza roho, nusu ya mkate; kisha mimi na wewe tumekaa mahameni, hilo ni tamu kuliko mamlaka ya sultani. Ya pili inasema: ukipatikana mkate wa kiini cha ngano, na kibuyu cha divai, na paja la kondoo, kisha mimi na wewe tumekaa mahameni, hayo ni maisha yasiyofikiwa na kila sultani.

Angalia alichokifanya FitzGerald. Alichukua diwani ya rubai ya kwanza akaitia kwenye mkate na divai ya ya pili. Paja la kondoo akalitupa. Mwenye kula nyama pale mahameni, mafuta yakimtiririka kidoleni, hakufaa katika picha aliyoitaka. Badala ya mahame akaleta kivuli cha mti na nyika, na huyo mwenzi akamfanya aimbe, jambo ambalo halimo katika rubai yoyote kati ya hizo mbili. Sultani akamwondoa akamhamishia katika ubeti uliotangulia, na mahali pake akaweka pepo. Katika Kiajemi, mzani uko kati ya mtu mwenye njaa aliyeshiba leo na mfalme asiyeshiba kamwe. Kwa FitzGerald mzani huo haupo, zipo raha na uzuri. Ni ubeti mzuri mno, lakini hoja yake ni nyingine.

Haukuwa ubeti huo peke yake. Mwishoni mwa karne ile Edward Heron-Allen alikaa na miswada na kuufuatilia kila ubeti wa FitzGerald hadi chimbuko lake. Kati ya beti 101 za matoleo ya mwisho alikuta 49 zinatokana kila mmoja na rubai moja, na 44 zimeunganishwa kutoka rubai zaidi ya moja. Chache zilizosalia zimetoka kwa Attar, kwa Hafiz, kwa nakala iliyochapwa Ufaransa, au kwa hali ya jumla ya Khayyam bila rubai mahususi. Nusu tu, basi, ndiyo tunayoweza kuiita tafsiri kwa maana ya kawaida. Hata mpangilio ni wake. Katika miswada, rubai hupangwa kwa herufi za vina, kila moja imesimama peke yake; FitzGerald alizifunga pamoja zikawa siku moja, kuanzia mapambazuko hadi mwezi unapochomoza.

Mwalimu alikuwa wapi? Mwanzoni mwa 1858 Cowell naye alichapisha makala juu ya Khayyam katika Calcutta Review, yenye tafsiri zake mwenyewe za rubai kadhaa, na humo anamweleza mshairi kama mwanahisabati na mnajimu aliyeacha imani ikapoa. Alimsoma kwa akili yake yote, lakini moyo wake ulikuwa na shaka, maana alikuwa Mkristo wa dhati. Kwa hiyo kazi ya kumkosoa FitzGerald ubeti kwa ubeti, ambayo ni yeye tu angeweza kuifanya, ikawa na vizuizi viwili: umbali, na dhamiri iliyokuwa ikijiuliza kama kitabu hicho kinafaa kuwepo.

Hapa ndipo naona fundo la kisa chenyewe. Watu hulaumu uhuru wa FitzGerald, nami nimeulaumu. Lakini uhuru huo ulipata nafasi kwa sababu mwenye lugha alijitoa. Kama Cowell angekuwa kwao Suffolk, alikokaa FitzGerald, majira yale ya joto, wamekaa meza moja na muswada katikati, lile paja la kondoo lingelazimika kujadiliwa. Pengine lingeondoka vilevile. Lakini lingeondoka baada ya hoja.

Uchapishaji nitaupitia kwa haraka, maana umesimuliwa sana. FitzGerald alipeleka beti kama thelathini na tano kwa jarida moja la London mwaka 1858, zikakaa bila kuchapishwa, akazichukua. Mwaka 1859 alilipa mwenyewe, zikapigwa chapa nakala 250 bila jina lake, zikawekwa katika duka la vitabu la Bernard Quaritch kwa shilingi moja. Hazikununuliwa. Zikashushwa hadi peni moja katika kasha la mlangoni, na huko ndiko wasomaji walikozikuta mwaka 1861, washairi Rossetti na Swinburne wakiwa miongoni mwao. Toleo la pili likaja 1868, la tatu 1872, la nne 1879, na kila mara alibadili maneno.

Katika dibaji ya 1868 kuna sentensi inayonigusa sana. Mfaransa J. B. Nicolas alikuwa amechapisha rubai mwaka 1867 akidai kwamba Khayyam ni Sufi, na divai yake ni ishara ya Mungu. FitzGerald anajibu kwamba haoni sababu ya kubadili rai yake, rai aliyoipata zaidi ya miaka kumi na miwili nyuma, Omar alipoonyeshwa kwake na mtu ambaye anadaiwa naye yote anayoyajua ya fasihi ya Mashariki, na mengi ya fasihi nyingine. Hapo hakutaja jina, alisema mtu tu. Nadhani alikuwa akimsitiri, kwa kuwa alijua Khayyam alimweka rafiki yake katika hali ngumu. Hata hivyo, hiyo ndiyo shukrani kubwa kuliko zote katika kitabu, na ikaenda kwa mtu asiye na jina.

Cowell mwenyewe alikuwa ameshashika njia nyingine. Calcutta alikuwa pia mkuu wa Sanskrit College, akasoma kwa wapandit, wanazuoni wa Kihindi, na aliporudi Uingereza mwaka 1864 Kisanskriti ndicho kilichokuwa kazi yake. Mwaka 1867 akawa profesa wa kwanza wa Kisanskriti Cambridge, akakaa katika kiti hicho hadi alipofariki 1903. Alihariri tafsiri kubwa ya Jataka, visa vya maisha ya awali ya Buddha, na kazi nyingine nyingi za falsafa ya Kihindi. Kiajemi hakukiacha, ila kilibaki mapenzi ya pembeni. Urafiki na FitzGerald nao haukuvunjika. Majira ya joto walikutana pwani ya Lowestoft wakasoma Don Quixote pamoja kwa Kihispania, hadi FitzGerald alipofariki 1883.

Uzeeni, vilabu vya wapenzi wa Omar vikiwa vimeshaanzishwa, Cowell aliandika kwamba bila kukusudia alijitwisha dhamana nzito alipomjulisha rafiki yake mashairi hayo mwaka 1856. Akasema anampenda Omar kama anavyompenda Lucretius, mshairi wa Kirumi, lakini hawezi kumfanya kiongozi. Katika mambo mazito kama hayo yeye huenda Nazareth, haendi Nishapur. Wapo wanaoyaona maneno haya kuwa ya woga. Mimi naona ni maneno ya mtu aliyemwelewa mshairi wake kikamilifu. Asiyemwelewa Khayyam hana sababu ya kumwogopa.

Lipo jambo moja ambalo wote wawili hawakulipa uzito wa kutosha. Khayyam alifariki yapata mwaka 1131. Muswada wa Shiraz uliandikwa zaidi ya miaka mia tatu baadaye, na ule wa Calcutta una rubai mara tatu na zaidi. Rubai ni fupi, husafiri midomoni, na hujipachika kwa jina la mtu mashuhuri. Mwaka 1897 Mrusi Valentin Zhukovsky alionyesha kwamba rubai 82 zinazohesabiwa za Khayyam zinakutikana katika diwani za washairi wengine. Sisi watu wa pwani hatulishangai hilo, maana tunazo beti ngapi zinazoitwa za Muyaka, au za Liyongo, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa?

Na sisi tulizipata vipi rubai? Kwa Shaaban Robert, katika Omar Khayyam kwa Kiswahili, 1952, kwa njia ya Kiingereza cha FitzGerald. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, miaka mia moja kamili baada ya FitzGerald na hamsini baada ya toleo la kwanza. Alichokifanya kilikuwa kikubwa: aliona kwamba shairi lililozunguka dunia lina haki ya kukaa katika Kiswahili, akalileta. Lakini mnyororo ni mrefu. Kutoka Nishapur hadi kwa mwandishi wa Shiraz, kutoka kwake hadi kwa Cowell, kutoka kwa Cowell hadi kwa FitzGerald, ndipo Tanga. Yaliyoachwa Suffolk hayakuweza kufika Tanga, hata Shaaban Robert awe bingwa namna gani.

Kinachonisikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa karibu na Kiajemi kile kuliko Kiingereza. Rubai ile ya kwanza inaisha hivi: khoshtar bovad az mamlakat-e soltani. Mswahili hahitaji kamusi kwa mamlaka wala kwa sultani. Diwani imo, na ni neno letu la kila siku kwa kitabu cha mashairi. Nusu ya mkate ni nesf-e nani. Ya pili inaisha: eyshi bovad an na hadd-e har soltani, na hapo tuna maisha, tuna hadi, tuna sultani tena. Mengi ya hayo yametoka Kiarabu na kuingia kwetu na kwao kwa njia mbalimbali, lakini sikio haliulizi njia. Rubai yenyewe ni mishororo minne, na shina la neno hilo ndilo tulilolipatia tarbia. FitzGerald alilazimika kuvumbua umbo katika lugha yake. Sisi tunalo nyumbani.

Kwa hiyo nimeijaribu ile ya pili kutoka kwenye Kiajemi, kwa mizani nane kwa nane, nikiwa nimeweka paja la kondoo mahali pake:

Mkate wa ngano safi, tukipata mkononi,
Paja moja la kondoo, na divai kibuyuni,
Mimi nawe tumekaa, mahameni faraghani,
Hayo ni maisha mema, si hadi ya sultani.

Vina vya kati sikuvitia, kwa kuwa rubai haina, na kila nilipovilazimisha paja la kondoo lilitaka kuondoka tena. Mahame nimelishikilia kwa nguvu. Kiajemi kinasema virani, mahali palipokaliwa na watu na sasa hapana mtu, na anayezijua Gede na Kunduchi anajua kukaa hapo na mwenzako na chakula maana yake nini. Neno lililonishinda ni faraghani. Halimo kwa Khayyam. Nimelitia kujaza mizani, na ndilo neno ambalo ningependa mtu anayekijua Kiajemi vizuri akae nami mezani anikosoe.